Paa Iko Vibaya

Simu iliita wakati Bi Dobi ametoka kununua sabuni. Alikuwa duka la pili tu kutoka pale, akibishana na muuzaji juu ya mfuko uliotoboka, na aliporudi alimkuta Pasi, mnyoosha nguo wake, ameinama mezani, ananyunyizia kola maji kwa vidole kana kwamba hakuna kilichotokea.

"Mdogo wako kapiga," Pasi akasema bila kuinua kichwa.

Bi Dobi aliweka sabuni chini taratibu. "Kasemaje?"

"Kasema nikwambie paa iko vibaya, na fundi anajua la kufanya. Basi."

"Paa iko vibaya."

"Ndiyo. Paa iko vibaya."

Bi Dobi akavuta kiti akakaa.

Kwa watu wa mtaa ule, pale palikuwa ni kwa dobi na si zaidi. Kulikuwa na kibao chenye shati jeupe, kengele mlangoni, harufu ya mvuke na wanga, na kamba zilizojaa mashuka nyuma ya duka. Nguo zilifuliwa kweli, na zilifuliwa vizuri. Ila nyuma ya mashuka kulikuwa na chumba kidogo chenye simu ya pili, na simu hiyo ilikuwa mali ya ofisi isiyo na kibao, ile inayojua mambo ya nchi kabla hayajafika magazetini. Bi Dobi aliifanyia kazi ofisi hiyo tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Pasi aliajiriwa baadaye kwa sababu moja tu: katika ofisi nzima hapakuwa na mtu aliyeweza kunyoosha marinda. Hakuambiwa kitu. Lakini hakuwa mjinga, na alikuwa na ustaarabu wa kutouliza.

Mdogo wake Bi Dobi, waliyemwita Kitinda kwa kuwa ndiye aliyefunga tumbo la mama yao, alikuwa sasa mtunza nyumba katika jumba moja la mlimani. Bi Dobi alimbeba mgongoni alipokuwa mchanga, akamfundisha kufunga viatu, na mwisho, kwa kazi zao zilivyo, ndiye aliyemtuma kwenye jumba lile. Mwenye jumba alikuwa balozi mdogo wa nchi ya mbali. Pale dukani walimwita Bwana Kola, maana kola zake zilitakiwa zisimame zenyewe kama kikombe. Bendera ilipepea juu ya geti lake, na palipo na bendera ile polisi hawaingii bila ruhusa.

Na ndani ya jumba hilo alikuwamo Paa.

Ilikuwa picha ndogo, si kubwa kuliko sinia la chai, iliyochorwa zamani sana juu ya ubao: swala mdogo, paa, amegeuza shingo kumtazama anayemtazama. Nchi jirani waliipenda kama mboni ya jicho. Waliiazimisha kwa nia njema ije ionyeshwe kwenye makumbusho ya huku, na siku moja kabla ya maonyesho kufungwa, ikatoweka. Majirani wakasema mmetuibia. Wa huku wakasema mmeificha wenyewe mtutie aibu. Mabalozi wakaitwa makwao, mpaka ukafungwa, malori ya vitunguu yakaozea foleni, na watu waliooana ng'ambo na ng'ambo wakawa wanapungiana mikono kwenye waya. Yote hayo kwa ajili ya ubao mmoja, aliokuwa nao Bwana Kola akisubiri kumpelekea mnunuzi nchi za nje.

Kitinda hakuweza kutuma barua wala kutoka ovyo. Aliweza kupiga simu kwa dobi, jambo la kawaida kwa mtunza nyumba. Basi ndugu wawili walikaa wakatunga maneno yao. Kitinda akisema "paa liko vibaya", yaani paa la nyumba, maana yake ametiliwa shaka, anatazamwa, asije mtu yeyote karibu, maana atakayekuja atamzamisha. Akisema "paa yuko vibaya", yaani mnyama, maana yake picha inaondoka, waje upesi na gari. Walijiona wajanja. Kwao lilikuwa jambo jepesi kabisa, kwa sababu mama yao hakuvumilia neno lililovaa nguo ya neno jingine. Ukimwambia "kikombe yangu" alikuwa hakusikii, hata ulie, mpaka useme "changu". Wote wawili walikua hivyo, ulimi umenyooka kama uzi wa fundi cherehani.

Walichosahau ni kwamba anayepokea simu wakati mwingine ni Pasi.

"Pasi, kaka yangu, niangalie," Bi Dobi akasema. "Alisema paa liko vibaya, au paa yuko vibaya?"

Pasi akafikiri kwa uaminifu. "Alisema iko."

"Hakusema iko."

"Dada, simu nimepokea mimi."

"Kitinda hawezi kusema iko. Hata umwamshe usingizini. Ni liko au ni yuko."

"Si yote ni moja? Ikivuja si inavuja?"

"Kwako wewe kila kitu ni iko. Kisu iko, mtoto iko, na kiama iko."

"Na nguo zinanyooka vilevile," Pasi akasema, akarudisha pasi juu ya kola.

Bi Dobi akaingia chumba cha nyuma, akainua simu ya pili. Aliyepokea alikuwa Mkuu, kijana aliyewahi kuwa chini yake akajifunza kazi kwake, na ambaye mpaka leo alimwita mama. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Samahani mama. Nani aliyeweka roho ya mtu juu ya silabi moja?"

"Mimi."

"Haya." Hakumkemea, na Bi Dobi alimshukuru moyoni kwa hilo. "Polisi siwezi kuwapeleka bila ruhusa, na ruhusa haiji leo. Ninachoweza ni kukwambia usubiri. Kama alisema liko, ukienda umemwua."

"Na kama alisema yuko, nikikaa nimemwua."

Akaweka simu chini.

Bi Dobi akarudi kwa Pasi. Safari hii hakuuliza juu ya paa. Aliuliza kama mtu anavyouliza habari za mgonjwa. "Ehe, nini kingine mliongea? Hata kidogo."

"Hakuna. Aliuliza goti langu tu."

"Goti lako?"

"Si unajua inaniuma nikisimama. Nikamwambia jana imenisumbua. Akasema niikande kwa maji moto, nisijitie ushujaa. Halafu akacheka."

"Alicheka?"

"Kidogo. Si sana. Kama mtu anayetania."

Bi Dobi akatazama mashuka yanavyojaa upepo na kupwaya. Alimjua Kitinda tangu meno ya utotoni. Kitinda akiogopa huwa anabana pumzi, na maneno yanamtoka makavu, moja moja, kama punje za mahindi. Kitinda anayeogopa haulizi goti la mtu. Halikuwa jambo la kumwambia Mkuu, maana Mkuu angetaka ushahidi, na goti si ushahidi. Lakini yeye lilimtosha kusimama.

"Funga kazi ya yule bwana wa mlimani," akasema. "Kila kilichokauka. Na ile suti yake ya rangi ya maziwa. Tunapeleka."

"Siku yake si leo."

"Leo ndiyo siku yake."

Pasi akazima pasi. Akachukua ufunguo wa gari.

Njiani Bi Dobi alishika mkono wa mlango kwa nguvu mpaka vidole vikafa ganzi. Suti ya rangi ya maziwa ilining'inia nyuma yao ndani ya mfuko wake, ikiyumba kwenye kila kona kama abiria mwenye heshima. Pasi aliendesha polepole, si kwa hofu, bali kwa ajili ya suti.

Mlinzi aliwajua, akawafungulia. Pasi akabaki garini. Bi Dobi akapanda ngazi na mzigo wa nguo safi mikononi, akaingia ukumbini, na kitu cha kwanza alichokiona ni masanduku ya safari yamepangwa ukutani. Bwana Kola mwenyewe alikuwa amesimama kati yake, mikono ya shati imekunjwa, amenyoa vizuri, ananukia.

"Mama, karibu. Leo si siku yako." Bwana Kola alijifunza Kiswahili kitabuni, na alikisema kwa unadhifu kama anavyovaa.

"Starehe bwana. Msichana wako alipiga simu, akasema kuna shida ya paa. Nikaona nilete nguo mapema, zingine nizichukue, zisije zikalowa."

Alisema huku anamtazama kolani. Usoni hakuthubutu.

Bwana Kola akatazama juu, kwenye dari kavu, nyeupe, isiyo na hata alama ya tone. Kisha akatabasamu. Lilikuwa tabasamu la mtu aliyepata mzaha mzuri asiye na wa kumgawia.

"Paa langu halivuji, mama," akasema. Akainua kidole kama mwalimu. "Ila paa wangu, leo anapaa."

Akacheka peke yake, kwa furaha ya mtu aliyemaliza kitabu kigumu.

Bi Dobi akacheka naye, kile kicheko cha adabu cha mtu asiyeelewa. Yuko. Kitinda alisema yuko. Hakukosea kuja.

Jikoni alimkuta Kitinda ameinama juu ya kikapu kikubwa cha nguo chafu, anakaza mashuka juu. Mlinzi wa ndani aliegemea mlango, anakula tofaa.

"Shikamoo mama," Kitinda akasema, kama mgeni.

"Marahaba mwanangu. Unahamisha nyumba nzima?"

"Mashuka ya vyumba vyote. Bwana anasafiri. Naomba usiyarundike, katikati kuna taulo kavu, jipya, lisichafuliwe na mengine." Alisema hivyo akipigapiga mashuka kwa kiganja, kama mtu anayembembeleza mtoto alale. "Na mimi nasafiri naye jioni. Hati yangu ya kusafiria keshanitunzia."

Alitabasamu aliposema, lakini macho yalikuwa yanambana dada yake kama mkono.

Bi Dobi akaelewa yote kwa pamoja. Paa yumo kikapuni. Na Bwana Kola hataki kuacha nyuma mdomo unaoweza kusema, anauchukua. Na akifika huko, atafungua sanduku lake mbele ya mnunuzi, akute si Paa, na Kitinda atakuwa amesimama pale pembeni, peke yake, ugenini.

Akarudi ukumbini.

"Ila bwana, nisamehe. Ile suti yako ya rangi ya maziwa haijakauka."

Uso wa Bwana Kola ukabadilika kuliko vile ungebadilika kwa habari ya kifo. "Nasafiri nayo leo."

"Ndiyo maana nimekuja mwenyewe kukuomba radhi. Iko kwenye kamba, jua linaimalizia, kisha inyooshwe. Nitamtuma mtu ailete. Nina kijana mmoja, ingawa huwa anakunja nguo kwapani."

"Hapana," Bwana Kola akasema.

"Basi labda nimchukue msichana wako. Yeye anajua unavyopenda. Ataisubiri, aje nayo mkononi."

Bwana Kola akatazama saa, akatazama masanduku, akatazama lile moja dogo lenye kufuli ya namba. Hilo lilikuwa mahali pake, limefungwa. Akatulia.

"Aende. Lakini suti isiguswe na vumbi."

Kitinda akatoka na kikapu akikivuta. Bi Dobi akainama ashike upande wa pili, lakini Bwana Kola akamzuia kwa mkono. "Mama mtu mzima habebi mzigo mbele yangu," akasema, na akashika kishikio kimoja yeye mwenyewe, Kitinda akashika kingine. Hakuwa anaigiza. Kuna mtu aliyemlea vizuri, mahali fulani, na malezi hayo hayakumtoka mkononi hata alipoingia kwenye wizi. Wakateremka ngazi hivyo, mwizi na aliyemwibia, wamembeba Paa katikati yao, na Bi Dobi nyuma akiomba Mungu kimya.

Ndipo alipokumbuka kwamba suti inaning'inia garini.

"Haijakauka kabisa," akasema kwa sauti kubwa, ifike hadi garini kwa Pasi. "Suti ile, bwana, kitambaa chake kizito. Nimeiacha kwenye kamba inadondosha maji. Kwenye kamba kabisa."

"Nimesikia, mama."

Wakafika kwenye gari. Bwana Kola akafungua mlango wa nyuma mwenyewe. Ndani kulikuwa na fito, na juu ya fito ndoano moja tupu ikiyumbayumba. Mbele, Pasi alikuwa amekaa wima, ameinuka kuliko kawaida yake, kichwa kikikaribia kugusa bati, uso umekakamaa kama mtu aliyekalia sisimizi.

"Habari fundi," Bwana Kola akasema.

"Nzuri, bwana," Pasi akajibu, sauti nyembamba.

Kikapu kikaingia. Mlango ukafungwa kwa upole. Bwana Kola akawapungia mkono kutoka kwenye ngazi mpaka geti likawaficha.

Wakapita kona ya kwanza, na ya pili. Barabara ilipopanuka, Pasi akasimamisha gari pembeni, akajiinua, akavuta kutoka chini yake kitu kilichokuwa suti. Ilikuwa imejikunja kama karatasi ya peremende.

"Nimeikalia," akasema. "Nimeinyoosha asubuhi kwa mikono yangu hii, nikaikalia kwa makalio yangu haya."

Kitinda akaanza kucheka. Alicheka akainama, akacheka akashika kifua, kisha kicheko kikageuka machozi, na Bi Dobi akamvuta akamlaza kichwa begani kama zamani, akamwacha alie mpaka aishe. Pasi akatazama mbele kwa adabu, akafungua dirisha upepo uingie.

"Amebeba nini kwenye lile sanduku?" Bi Dobi akauliza baadaye.

"Ubao wa kukatia vitunguu," Kitinda akasema, akijifuta pua. "Alinipa Paa nimfunge, anasema nakunja vizuri. Akaenda kupokea simu. Ubao ulikuwa saizi ileile."

"Na asubuhi ulisemaje? Kwenye simu?"

"Yuko. Nilisema yuko. Mlinzi alikuwa karibu, lakini naye ni wa iko iko, hakusikia tofauti. Pasi akarudia, 'paa iko vibaya'. Nikamsahihisha: yuko. Akasema, 'ndiyo, iko.' Nikarudia tena. Ndipo nikacheka, ningefanyaje?"

Bi Dobi akamgeukia Pasi.

"Nilidhani ananitania," Pasi akasema.

Alasiri ile Mkuu alikuja mwenyewe, akiwa na shati kwenye mfuko kama mteja yeyote. Walimlaza Paa juu ya meza ya kupigia pasi, pasi imezimwa na kupoa, juu ya kitambaa safi cheupe. Mkuu aliweka mikono nyuma ili asije akamgusa. Wote wanne walisimama kumzunguka, na yule mnyama mdogo akawatazama, shingo imegeuka, kana kwamba ndiyo kwanza amewasikia wakiingia.

"Kumbe ni mdogo hivi," Pasi akasema taratibu.

Bwana Kola alipiga simu dukani mara mbili kuulizia suti. Hakuuliza msichana, akiamini atakuja nayo. Mwishowe muda ukamwishia, akaondoka na suti nyingine. Kufika uwanja wa ndege, nchi yake ilikuwa imeshaonyeshwa picha ya Paa akiwa juu ya meza ya pasi, na cheo chake, pamoja na kinga yake ya kibalozi, kikafutwa kwa simu moja. Aliwaambia polisi waliomzuia wafungue sanduku waone wenyewe kama kuna kitu. Akalifungua yeye, kwa majivuno, akakunjua mataulo, na harufu ya vitunguu ikawapokea. Hati ya Kitinda ilikuwa mfukoni mwake.

Mpaka ulifunguliwa wiki hiyohiyo. Honi za malori zilisikika hadi kwa dobi, ndefu, za furaha, na watu mtaani walisimama kusikiliza. Kitinda alilala kwa dada yake siku nzima, akaamka akala, akalala tena. Bi Dobi alimfunika miguu kila alipopita.

Siku iliyofuata alimkuta Pasi amesimama mezani, mguu mmoja juu ya kigoda kwa ajili ya goti, anapiga suti ya rangi ya maziwa. Mvuke ulipanda, mikunjo ikaondoka mmoja mmoja.

"Hiyo ya nini tena?" akauliza.

"Mwenyewe kalipia. Na kule alipo watamfikisha mbele ya hakimu. Asiende amekunjamana." Pasi akatundika koti kwenye ndoano, akalinyoosha bega kwa kiganja, akarudi nyuma kulitazama. "Alikubebea kikapu, dada. Haya. Suti iko tayari."

Kitinda, aliyekuwa amekaa dirishani na kikombe cha chai, akamtazama dada yake. Dada mtu akamtazama mdogo wake. Wakasubiri kidogo, kama wanasikiliza mlango wa chumba cha mama yao.

"Ni sahihi," Kitinda akasema.

"Nini sahihi?" Pasi akauliza.

"Hakuna, kaka. Iko tayari. Nipe nikufungie."